Kwa Ngalawa, Peke Yangu, Majira ya Maleleji

Mwisho wa Oktoba upwa wa magharibi wa Pemba hauna upepo mmoja wa kuutegemea. Kusi imechoka, kaskazi haijaingia. Alfajiri unavuma matlai kutoka upande wa mashamba, saa sita bahari imelala shuwari, alasiri kusi inarudi kama mgeni aliyesahau kofia yake, na usiku umeme unapiga upande wa Tanga bila tone la mvua kutufikia. Kesho yake mpango wote umebadilika. Ndiyo maleleji hayo, na wengine huyaita tangambili. Enzi za majahazi hakuna nahodha aliyepanga safari ndefu humo. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi kuanzia Desemba, vikarudi na kusi ikishashika, na chombo kisichokuwa na safari kilipandishwa pwani, kikapigwa kalafati kuzibwa nyufa, kikapakwa deheni ya chokaa na mafuta chini, na sifa, yaani mafuta ya samaki, juu.

Mimi niliyachagua maleleji kwa makusudi. Nilitaka kupanda na ngalawa kutoka Mkoani mpaka Ras Kigomasha, kusini ya Pemba hadi ncha yake ya kaskazini, kiasi cha kilomita 55 ukipiga mstari, na nilitaka kwenda peke yangu. Hoja yangu ni hii, na niko tayari kubishana nayo kwenye baraza yoyote: kwa mtu mmoja ndani ya chombo kidogo, maleleji ni salama kuliko kusi kamili. Kusi ya Julai ina nguvu, na nguvu huwezi kuishinda kwa mikono miwili. Maleleji yana kigeugeu, na kigeugeu unaweza kukisubiri ukiwa umekaa mchangani. Kinachohitajika ni mtu asiye na haraka. Likizo yangu ya kazini ilikuwa ndefu, na simu ya ofisi niliizima.

Ami yangu, mwenye ngalawa, hahesabu kwa Oktoba wala Novemba. Anahesabu miongo, makumi ya siku tangu Nairuzi, siku ile ile ambayo Makunduchi wanaifanyia Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Ukianzia hapo, makumi kumi yanakuangusha mwishoni mwa Oktoba. "Mia ikitimu," aliniambia, "kusi haina tena ubavu wa kumzamisha mtu, lakini ina uwongo mwingi. Ikikwambia inakuja, usiitandikie." Mimi nilikuwa na miongo yake na simu yangu pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ile sentensi yake ambayo mabaharia wote wa Zanzibar tunaijua kwa moyo, ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Ukiisikia, funga chombo ulale. Wakati ule haikutolewa. Lakini utabiri wa pwani nzima haukwambii habari ya wingu moja litakalosimama juu ya Chake Chake saa kumi alasiri. Hilo ulitazame mwenyewe.

Kuna walioniuliza kwa nini sikuanzia Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, nikavuka mkondo, safari ikawa na jina. Mkondo ule siuchezei. Meli ya MV Spice Islander I ilizama humo usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, na ilikuwa meli, si gogo la mwembe. Wapemba wengi tuna mtu wetu aliyekuwemo. Safari yangu ilikuwa ya upwa, nchi kavu ikiwa kuliani mwangu muda wote, na hilo lilinitosha.

Ngalawa yenyewe ina urefu wa mikono 13 hivi, imechongwa kwa mwembe, mirengu miwili, miti ya kukingama, inapita juu ya mbavu zake na kushika matengo, mbao za kuelea, huku na huku. Tanga ni moja la pembe tatu, limefungwa kwenye mti uitwao foromali, unaopandishwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza. Nyuma kuna usukani na kana, mpini wake. Katikati kuna ngama, pale chini maji yanapokusanyika, na ndani ya ngama kuna maji siku zote, kwa hiyo kuna upo wa kukatia maji, ambao siku hizi ni dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo.

Chombo hiki kimeumbiwa watu wawili, na hapa wanaoshangaa mtu kwenda peke yake wana haki yao. Mmoja anashika usukani na demani, ile kamba inayolivuta na kulilegeza tanga. Wa pili anakata maji, anaangalia miamba, na upepo ukizidi anapanda kwenye mrengu wa upande wa upepo kuwa uzani. Kazi inayomtesa mpweke hasa ni kugeuza tanga. Upepo ukihama kutoka kulia kwenda kushoto, tanga la aina hii halijigeuzi lenyewe: lazima ulegeze demani yote, uisimamishe foromali karibu wima, uipitishe mbele ya mlingoti na tanga likiwa linapigapiga kichwani mwako, kisha uikimbize demani upande wa pili kabla chombo hakijalala ubavu. Wakiwa wawili ni kazi ya pumzi chache. Ukiwa peke yako unafunga kana kwa kamba, unatambaa mpaka mbele, na unaomba Mungu usukani ubaki ulipouacha.

Kwa hiyo nilichora safari ambayo tanga halihitaji kugeuzwa. Ukiwa unapanda kaskazini kwenye upwa wa magharibi wa Pemba, matlai inatoka mashariki na kusi ya alasiri inatoka nyuma kuliani. Pepo zote mbili ziko mkono wa kulia. Tanga linakaa kushoto kutoka Mkoani mpaka mwisho. Badala ya yule mtu wa pili nilijaza mchanga kwenye viroba viwili vya unga, nikavifunga kwenye shina la mrengu wa kulia, na humo vikabaki. Wala havikuomba chai.

Nikatia dumu mbili za maji, muhogo mkavu, tende, mchele kidogo, sufuria, turubali, jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, filimbi, na simu ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Nanga yangu ilikuwa ya chuma ya makucha manne, na kamba yake ilikuwa ya nailoni. Ami alinilazimisha nichukue na nyingine ya usumba, ya zamani, nzito kama nini. Sikuitumia kwa nanga hata mara moja, lakini kila nilipolala pwani ilikuwa mto wangu.

Nilitoka Mkoani kabla jua halijachomoza, siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Matlai ilikuwa imeshaanza, na niliijua kwa pua kabla tanga halijajaa. Ilikuwa msimu wa karafuu, majamvi yamejaa nyuani, na ule upepo wa alfajiri unapotelemka kutoka vilimani unakuja na harufu ya karafuu mbichi iliyoanza kushika jua. Ukiisikia harufu hiyo ukiwa baharini, upepo unatoka nchi kavu na maji yatakuwa bapa. Harufu ikikatika, jiulize kinachokuja. Nimesoma vitabu vya kigeni vya usafiri wa baharini na sijaona humo kipimo hiki. Bila shaka wanavyo vyao.

Mpaka Misali nilikwenda kama nimebebwa. Jua lilipopanda vizuri niliiona milima ya Usambara ng'ambo ya pili, buluu juu ya buluu, na hapo ukikumbuka kwamba baina yako na ile milima kuna kilindi kinachofika mita 800, mkono unaikaza kana wenyewe. Mkondo wa kilindi kile unakwenda kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu wakati wa kusi na kwa upole wakati wa kaskazi. Ukivunjikiwa na mlingoti nje ya Misali, nchi utakayoiona mbele ni Kenya, nawe hukuiombea safari hiyo.

Misali wageni huelezwa habari za Kapteni Kidd na hazina aliyoifukia. Wavuvi wa dago hawana muda naye. Wanakuja kutoka vijiji vya upwa wote huu, wanapiga kambi kwa siku kadhaa, wanavua changu na tasi na pweza, wanakausha au wanapeleka Wesha, wanarudi. Kisiwa ni hifadhi tangu 1998, na upande wa magharibi hairuhusiwi kuvua. Jambo lililonivutia siku zote ni namna watu walivyoshawishiwa. Sheria na boti za doria zilikuwepo, lakini pia mafunzo yaliletwa misikitini na madrasa, kwa aya za Qur'ani juu ya kutofanya uharibifu na juu ya mwanadamu kuwa mwangalizi wa alichopewa. Mvuvi asiyejali faini anaweza kuijali hotuba ya Ijumaa. Si wote, lakini wako.

Niliripoti kwa walinzi, nikavuta ngalawa juu, nikaenda kutoa salamu dagoni. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza dema, mtego wa samaki, aliitikia, kisha akatazama nyuma yangu, akatazama ngalawa, akanitazama tena.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Niko peke yangu, mzee."

"Kashuka?"

"Hakuwepo."

Alifunga ufito mmoja, akaukata kwa meno. "Mlikosana?"

Swali hilo nililisikia kwa sura mbalimbali karibu kila nilipotia nanga. Kwetu mtu haendi peke yake baharini kwa starehe. Anakwenda peke yake kwa sababu amegombana, ana deni, au ana jambo anataka kulitupa mbali usiku. Nilipowaambia kwamba nataka tu kwenda, huku nikijisikiliza, nilipata sura ile ya huruma anayopewa mgonjwa. Lakini huruma yao ilikuwa na matunda. Mzee yule alimwambia kijana wake anipakulie wali, na baada ya chakula akanichorea mchangani kwa ncha ya ufito: hapa Kokota, hapa Uvinje, hapa Fundo, hapa mlango, hapa jiwe ambalo maji yakiwa nusu halionekani. Ramani ya simu ilikuwa na visiwa vyote. Jiwe haikuwa nalo.

Nilikaa Misali kungojea. Sehemu hii ya safari haina la kusimulia, na kwa maoni yangu ndiyo safari yenyewe. Asubuhi matlai ilikuwa imeegemea kaskazini, na ingenikaba uso kama ningeelekea Kokota. Mchana hakukuwa na pumzi. Kusi ilirudi alasiri moja dhaifu, alasiri nyingine ikaja na mvua, nyingine haikuja kabisa. Mtu mwenye mwenzake angesema twende tukabishe, tupige kafi, tutafika tu. Mimi nilikuwa naosha sufuria. Nilicheza bao nikafungwa na watoto wa miaka kumi na mbili, nikajifunza kufunga mlango wa dema, nikakata maji ya ngama asubuhi na jioni hata kama chombo kilikuwa juu.

Halafu alasiri moja kusi ikaja safi, kavu, kutoka pale pale nilipokuwa nikiiomba. Vijana walinisaidia kusukuma. Yule mzee hakuja, alinyoosha mkono tu kuelekea juu ya Chake, ambako wingu lilikuwa limekaa. Lilikuwa jeupe. Niliona kama yeye anavyoliona: jeupe bado. Nikahesabu kilomita 13 hivi mpaka Kokota, nikaona zinatosha kama nitalitazama wingu kila baada ya dakika chache, na kama nitakubali kushusha tanga mapema.

Kwa saa ya kwanza nilikwenda kwa raha isiyoelezeka. Matengo ya kushoto yalikuwa yanakata maji na kutoa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa, demani imetulia mkononi, viroba vya mchanga vimekaa kwa adabu. Wingu nalo lilikuwa linafanya kazi yake. Lilipanda, likawa na mabega, tumbo lake likageuka rangi ya risasi. Kisha nikaona kitu ambacho hakikuwa mbinguni. Kwenye kilima nyuma ya mikoko, mbali, vidoa vya rangi ya kahawia vilivyokuwa vimetandazwa uwanjani vilianza kupotea kimoja kimoja. Wanawake walikuwa wanakunja majamvi ya karafuu. Karafuu ikilowa ikiwa nusu kavu inaharibika rangi na bei, na hakuna mtu anayeikunja kabla ya wakati, kwa sababu kila saa ya jua ni pesa. Kwa hiyo wanapoikunja, mvua iko nyuma ya nyumba.

Kokota ilikuwa karibu, sijafika nyuma yake bado. Kusi ilikatika. Tanga lilining'inia. Bahari ikawa laini kama mafuta, na kwa muda pumzi ndogo ya joto ilivuma kuelekea kwenye wingu, yaani kinyume. Hiyo ndiyo ishara ya mwisho utakayopewa. Nililegeza henza, nikashusha foromali mpaka ikalala chomboni, nikalifunga tanga kwa kamba mara tatu, nikachukua kafi. Hapa ungependa mtu wa pili. Nilipiga kafi kushoto, nikapiga kulia, matengo yakanisaidia kwenda sawa, mpaka nikaona mchanga chini. Pima mbili, maji ya kijani. Nikatupa nanga nyuma ya kisiwa, upande wa ndani, nikatoa kamba ndefu, nikavaa jaketi.

Hofu yangu haikuwa mawimbi. Upepo unaotoka kwenye wingu lililosimama juu ya Pemba unavuma kwenda nje, kuelekea kilindini. Mtu aliye na tanga juu wakati huo, peke yake, anapelekwa nje kwa kasi ambayo hataweza kuirudi kwa kafi, na nje kuna ule mkondo wa kaskazini. Kwa hiyo unachoomba ni nanga ishike na usiwe umechelewa.

Upepo ulikuja wa baridi, kwa pigo moja. Niliuona kabla haujafika: mstari mweusi ukitembea juu ya maji na nyuma yake weupe. Ngalawa iligeuka kwa ghafla ikatazama nchi kavu, kamba ya nanga ikakaza mpaka ikatoa maji, na mvua ikaanza kupiga kwa ubavu. Sikuona Kokota, nayo ilikuwa umbali wa kurusha jiwe. Nilikata maji ya ngama kwa dumu bila kusimama, nusu ya chumvi, nusu ya mvua, huku mkono mmoja ukishika kamba ya nanga kusikiliza kama inatambaa. Nanga inayotambaa unaisikia mkononi, inatetemeka kwa kukwaruza. Hii haikutetemeka. Ilidumu muda wa kuchemsha mchele, ikakatika. Ukaja ukimya na harufu ya udongo, na baadaye kidogo harufu ya karafuu tena, hafifu.

Kokota walikuwa wananitazama muda wote. Walikuwa wameweka kila ndoo na kila beseni chini ya bati, kwa maana kisiwa kile hakina maji ya kunywa ya kujivunia na mvua ya vuli ni neema. Nilipofika pwani mama mmoja, ndoo mbili mkononi, aliuliza bila kusimama, "Mwenzio kaanguka?" Nikasema sikuwa naye. Akasema, "Alhamdulillahi," na akaendelea na ndoo zake.

Juu ya vuli yenyewe niseme kidogo. Mwaka ule ilikuwa ya kawaida: wingu moja moja, pigo, jua. Vuli ya 2023, iliyokuja na El Niño, ilikuwa kitu kingine, mvua ya siku nzima, na nisingeshauri mtu atoke hata na ngalawa ya watu watano. Kwa hiyo ninaposema maleleji yanamfaa mpweke, nasema maleleji ya mwaka wa kawaida.

Kutoka Kokota nilikwenda kwa matlai, ndani kwa ndani, visiwa vikiwa kushoto kuzuia bahari ya nje. Wete niliingia kununua halua na kuchaji simu, nikatoka. Ghuba yake ni nzuri kuitazama na mbaya kuiingia maji yakiwa yanapwa, mtu anaweza kubaki juu ya tope katikati ya mikoko mpaka jioni na kaa wakimcheka. Mwezi nao ulikuwa unakaribia kujaa, na mambo ya maji yalikuwa yamebadilika.

Hili la maji ndilo lililonitia wasiwasi kuliko lile wingu, ingawa halina kelele. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita moja kidogo. Siku za bamvu inafika mita 4, na maji yote hayo ya ndani ya visiwa yana milango michache ya kutokea. Kati ya Uvinje na Fundo, na kati ya Fundo na Njao, yanatoka kama mto. Kwetu siku za bamvu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Sasa pima: alfajiri, matlai inapovuma vizuri, maji nayo yanatoka nje. Upepo unakutoa na maji yanakutoa. Ukipita mbele ya mlango saa kumi na mbili na tanga lako zuri, utajikuta unatazama Fundo kutoka upande wa pili.

Nilimuuliza kijana mmoja wa Fundo, aliyekuwa anachokoa pweza kwa mkonjo, wao hupita saa ngapi. "Sie twapita saa yoyote," alisema, "tuna mashine." Kisha akanihurumia. "Weye subiri mpaka maji yasimame. Yakianza kuingia, pita. Yakikuchukua yatakupeleka Wete, utakunywa chai." Ilikuwa hoja kamili. Nilingoja mpaka saa nne ya asubuhi. Upepo wa asubuhi ulikuwa umeshakufa, kwa hiyo nilipita mlango wa Njao kwa kafi na pondo, juani, polepole kuliko mtu anayetembea, maji ya kujaa yakinisukuma kidogo kuelekea ndani. Jasho lilitoka. Kobe mmoja aliinua kichwa karibu na tengo, akavuta pumzi, akazama. Katika safari nzima hakuna aliyenipita kwa utulivu kama yule.

Baada ya Njao upwa unafunguka na msitu wa Ngezi unatelemka karibu na maji. Jioni popo wakubwa wa Pemba, wale wasiopatikana mahali pengine duniani, walipita juu yangu kwenda kula, mmoja mmoja na kwa mapengo, kuelekea kusini. Kusi ilinipa alasiri moja ya mwisho. Mnara wa taa wa Kigomasha ulichomoza juu ya miti, wa chuma, na mbele yake maji yalikuwa yanachemka, mkondo wa kilindi unapokutana na maji yanayozunguka ncha ya kisiwa. Kuizunguka rasi kungetaka kuingia peke yangu kwenye maji yale. Sikuzunguka. Nilishusha tanga kabla ya hapo, upande wa Makangale, vijana wawili wakaja kushika mirengu bila kuitwa, na wa kwanza, kabla ya salamu, akachungulia ndani ya ngalawa kuona nani mwingine yumo.

Kurudi kwa chombo lilikuwa suala jingine. Kusini hakuna anayekwenda na kusi. Ngalawa ilibidi ingoje kaskazi ifunguke, Desemba au karibu yake, ndipo irudi Mkoani kwa upepo wa nyuma. Nilimpigia ami. Aliuliza habari za tanga, kisha za henza, kisha za ile kamba ya usumba, kisha akaniuliza kama mimi ni mzima. Mzee mmoja wa Makangale alikubali kuilinda, kwa sharti aivulie mpaka wakati huo. Nilimpa simu wazungumze wenyewe. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakatafutana ukoo, wakaupata kwa upande wa Konde. Ami akasema aivulie, lakini asiitoe nje ya mwamba usiku, na wasitoke chini ya watu wawili. Mzee akasema hilo halina haja ya kusemwa, akanitazama, akanirudishia simu. Mimi nikaenda kutafuta gari la Konde.